Gari la Watalii la Shangazi Antonusa

Siku shangazi yangu Antonusa alipokwenda kununua gari, alitia vitu viwili kwenye mkoba: kurunzi ya kumulikia chini ya gari na kitambaa cheupe cha kupangusia kijiti cha oili. Haridimos, fundi wa kijijini kwetu, alikuwa amemwambia kwamba oili husema kweli kuliko mwenye gari. Shangazi hakuwahi kununua gari maishani. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwokaji wa mikate mikavu ya shayiri, na leseni yake aliipata akiwa msichana akaiweka kabatini. Kwa miaka thelathini aliyeshika usukani ni mumewe, Marinos, mfugaji wa kondoo.

Marinos hakuruhusiwa tena kuendesha. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa saba mchana, ilimbidi awe mjini Rethimno kwenye mashine ya kusafisha damu. Kati ya Mavrolako, kijiji chetu, na mashine hiyo kuna mlima, na barabara inapita juu yake mahali tunapopaita Tandiko. Januari iliyotangulia theluji ililifunga Tandiko kwa siku nne. Taksi ilikataa. Pikapu yao kuukuu iliteleza ikaingia mtaroni kabla hata ya kona ya pili. Katapila la kusukuma theluji lilipofika siku ya nne, Marinos alikuwa amevimba uso na ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Daktari alimwambia shangazi maneno machache tu: "Ungemleta kesho, ungemleta bure."

Tangu siku hiyo shangazi hakuogopa kitu kingine. Aliwaogopa Desemba na Januari kama watu wawili wanaokuja nyumbani kwake.

Kwetu Krete, kisiwa cha Ugiriki, ikifika Novemba na wageni wakishaondoka, makampuni ya kukodisha hupanga magari yao ya kiangazi uwanjani na kuyauza. Shangazi alinichukua twende wote, maana mimi nilisoma chuo kikuu na aliamini naweza kusoma karatasi yoyote. Kijana aliyetupokea alivaa miwani ya jua ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Alitupeleka kwenye gari jeupe, refu kwenda juu, lenye kuvuta kwa magurudumu manne.

"Hili wameliendesha wazee wa Kijerumani tu, mama," alisema. "Taratibu kabisa. Hotelini, ufukweni, hotelini."

"Ufukwe upi?"

"Ufukwe wa kawaida tu."

"Wenye lami?"

Kijana akacheka, kisha akaacha. Shangazi alikwisha kujilaza chini kwenye maji, na koti lake la kanisani, akimulika.

"Huku chini kumekwaruzwa."

"Mama, hata mimi nimekwaruzwa, na nina miaka ishirini na nane."

Oili ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na harufu mbaya. Akalinunua. Kulikuwa na mengine mawili tu ya aina hiyo uwanjani, na theluji haimngojei mtu.

Vibandiko vya kampuni vilikuwa vimebanduliwa milangoni, ila kiangazi kilikuwa kimeunguza rangi iliyovizunguka, kwa hiyo herufi zilibaki zinasomeka, nyeupe juu ya nyeupe. Tulipopita mbele ya mkahawa wa kijiji, mzee Stelianos alinyanyuka kitini akavua kofia.

"Karibu Krete, bibie! Umelikodi siku ngapi?"

"Mpaka nikuzike wewe," shangazi alijibu bila kupunguza mwendo.

Siku ya tatu breki zikaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Haridimos, ambaye ndiye aliyesimamia ndoa yao na kwa hiyo tangu hapo wanaitana kumbare, na mwanamke kumbara, alifungua magurudumu ya nyuma akakinga beseni. Mchanga ukamwagika, mweupe, laini, na ndani yake kombe dogo la baharini.

"Kumbara Antonusa," alisema akiliinua kombe kwa vidole viwili, "wazee wako wa Kijerumani walikuwa wanavua samaki na gari hili."

Marinos alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji, blanketi magotini. Akajikongoja kuinuka. "Angalia na bomba la—"

"Wewe kaa," shangazi alimwambia. "Usijichoshe."

Akakaa.

Juma lililofuata, asubuhi mbili mfululizo, gari halikuwaka kabisa. Betri ilikuwa imekufa. Mara ya pili ilikuwa Ijumaa. Tulilisukuma mimi, shangazi na jirani hadi lilipoanza kuteremka kichochoroni. Shangazi akaruka ndani, akatia gia ya pili, likakohoa na kuwaka mita chache kutoka ukuta wa kanisa. Tulifika Rethimno kwa wakati. Tangu siku hiyo alikuwa akiliegesha mteremkoni, pua chini, na jiwe mbele ya gurudumu.

Haridimos alitafuta siku mbili. Mwishowe alilitoa sanduku la mbele ya abiria, akaingiza mkono nyuma yake, akatoka na kidude cheusi kama kiberiti, kinapepesa taa ya kijani.

"Hiki hapa mwizi wako. Walikiweka wajue mgeni amefika wapi na gari lao. Usiku kucha kinapiga simu mjini kuwaambia gari liko wapi."

"Liko mlangoni kwangu. Si wangeniuliza mimi?"

"Wewe hupokei simu, kumbara. Hiki kinapiga, na betri ndiyo inayolipa."

Alikikata. Siku hiyo hiyo aliona kwamba waya unaoamuru magurudumu ya nyuma yavute ulikuwa umekatwa na jiwe. Muda wote tuliokuwa nalo, gari lilikuwa linavuta kwa mawili tu. Shangazi aliposikia hivyo aliketi juu ya tairi. Nadhani aliona Tandiko, na theluji, na yeye anabonyeza kitufe kisicho na kitu nyuma yake. Haridimos aliunga waya, akaufunga kwa utepe mweusi, kisha akafungua boneti akachungulia rejeta.

"Maji matupu humu. Hawakutia dawa ya kuzuia kuganda, kiangazi nani anaikumbuka? Na kifuniko hiki kimechoka, hakibani. Nitaagiza kingine. Lakini sikiliza: kabla baridi haijashika, uniletee nitie dawa. Maji matupu yakiganda, yanapasua injini kama chupa."

"Inaganda digrii ngapi hiyo..." Marinos alianza.

"Marinos, kaa, nimesikia mimi," alisema shangazi.

Hiyo ilikuwa wiki ya kukeneka raki, pombe kali ya kwetu. Mtambo wa jirani yetu uliwashwa, watu wakaleta makapi yao ya zabibu, wakachoma viazi majivuni, wakaimba na kutukanana kwa mapenzi. Marinos alikuwa hodari wa kazi hiyo tangu ujana. Mwaka huu hakutia tone mdomoni. Shangazi alikuwa anampimia maji ya siku kwenye chupa ya nusu lita aliyoichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha, na hayo ndiyo aliyoruhusiwa. Alikaa karibu na moto, akakinga matone kiganjani, akayasugua, akanusa, akasema, "Bado," au "Badilisha chombo." Walimheshimu. Mwishoni wakampa fungu lake: dumu la raki ya kwanza, ile inayotoka mwanzo, kali kiasi kwamba mzee Stelianos huitumia kusugua magoti.

Jumapili ya kwanza ya Desemba redio ilitangaza baridi ya kugandisha. Haridimos alikuwa Heraklio kwenye ubatizo wa mjukuu, na kifuniko kipya na dawa vilikuwa kwenye gari lake. Angerudi Jumatatu mchana. Shangazi alilifunika boneti kwa mablanketi matatu, la juu likiwa lile la sufu alilofuma kwa ajili ya harusi yake. Asubuhi gari liliwaka mara moja. Alishukuru, akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu.

Tuliondoka saa nne na nusu, mapema kwa makusudi. Mimi nilikaa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kushuka na kutembea mbele endapo theluji ingeficha ukingo wa barabara. Ilikuwa imeanza kuanguka, nyepesi. Kwenye kona ya pili, pale pikapu ilipowahi kuingia mtaroni, shangazi alibonyeza kitufe cha magurudumu manne. Nyuma likaserereka kidogo, kisha nikahisi kama mkono umetusukuma kutoka chini, na gari likapanda limenyooka. Shangazi alipumua.

Ndipo akawasha hita, na ndani ya gari kukaanza kunuka raki.

Harufu ikazidi. Shangazi alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

"Marinos."

"Naam."

"Nipumulie usoni."

"Angalia barabara, mwanamke."

"Nipumulie!"

Akapumua. Lakini gari zima lilikuwa linanuka. Usingeweza kujua pumzi ni ipi.

"Umekunywa," alisema shangazi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nakupimia maji kama mtoto wa siku tatu. Sili, silali, nakuhesabia wewe. Na wewe umekunywa raki."

"Sijanywa."

"Basi harufu hii ya nani? Ya huyu mtoto wa kaka yangu? Ya mtakatifu?"

Marinos aliangalia dirishani. Mtu asiyemjua angedhani amekiri. Mimi nilimwona masikio yamemwiva, nikajua anaficha kitu, nikaogopa kuuliza.

"Shangazi," nilisema, "mshale."

Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ulikuwa umepanda robo. Tukapita kona moja, ukapanda tena. Kwenye kona ya tatu moshi mweupe ulitoka chini ya boneti, na gari lote likajaa harufu kana kwamba tumeingia ndani ya mtambo wa kukeneka. Shangazi alisogea pembeni penye kijumba cha mtakatifu, kile kidogo cha bati kando ya barabara chenye taa ya mafuta na kioo kilichotobolewa na risasi, akazima injini.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Simu haikushika mtandao. Kufika Tandiko kulibaki kilomita nne, zote za kupanda. Nyuma yetu alama za matairi zilikuwa zimeanza kufifia.

"Nimeua gari," alisema shangazi. "Limepasuka. Maji yaliganda."

"Hayakuganda," alisema Marinos.

"Umejuaje?"

"Hayawezi kuganda." Alikuwa ameshika blanketi lake kwa mikono miwili. "Jana ulipokwenda kanisani nilifungua bomba la chini nikamwaga maji nusu. Nikatia raki ya kwanza. Lita nne. Baba alitia raki kwenye lori lake kila Desemba, na halikuganda hata siku moja, uliza mtu yeyote."

Shangazi aliachia usukani, akamgeukia.

"Lita nne," alisema.

"Ya kwanza. Safi kabisa."

"Lori la baba yako lilikuwa linapanda wapi? Lilikuwa linakwenda kwenye mashamba ya mizeituni na kurudi! Raki inachemka kabla ya maji, Marinos! Umekaa kwenye mtambo miaka arobaini, hilo hulijui wewe?"

Marinos aliliangalia boneti. Nilimwona linamwingia, pole pole, jambo alilolijua kuliko mtu yeyote kijijini, na ambalo hakulifikiria hata kidogo kwa sababu gari si mtambo.

"Ungeniambia!" shangazi alipaza sauti.

"Lini?" alisema. "Nikifungua mdomo unaniambia kaa."

Akashuka. Nilidhani anataka kukaa mbali na hasira ya shangazi. Alikwenda kwenye kijumba cha mtakatifu, akafungua kioo, akaona taa imezimika, akatia mkono mfukoni. Boneti lilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mvuke unatoka bado.

"Acha!" shangazi alilia kabla hata njiti haijawaka. "Marinos, kiberiti! Utatuchoma!"

Alisimama na kiberiti mkononi, akautazama mvuke, akakirusha mbali kwenye theluji.

Tulifungua boneti kwa fimbo, tukasubiri. Dakika ishirini. Marinos ndiye aliyesema sasa, na shangazi hakumkatiza: kifuniko kisiguswe mpaka kiache kuimba, kishikwe kwa blanketi, kifunguliwe robo, kiachwe, kisha robo nyingine. Raki nyingi ilikuwa imetoka na mvuke, na rejeta ilikuwa nusu tupu.

"Maji tunayo?" aliuliza.

Hatukuwa nayo. Tangu Marinos augue, miaka miwili sasa, shangazi hakubeba maji safarini, ili mumewe asiyaone. Yalikuwepo ya aina moja tu. Marinos alitoa chupa yake ya nusu lita mfukoni mwa koti, imejaa hadi kwenye mstari mwekundu. Hakuwa ameigusa tangu asubuhi.

"Hiyo ni yako," alisema shangazi. "Ya siku nzima."

"Shika kifuniko."

Akamimina yote. Baada ya hapo tukatia theluji, konzi kwa konzi, mimi nikiikusanya kwenye kofia yangu, na kila konzi ilizama kwa sauti ya kukaanga na kuwa maji kidogo sana, kijiko au viwili. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Saa sita na robo Marinos alisema imetosha kwa kujaribu.

"Washa. Hita juu kabisa, madirisha wazi. Hita inanyang'anya injini joto. Gia ya pili, usikanyage sana. Mshale ukifika robo tatu, zima, hata kama uko katikati ya kona."

"Nikisimama kwenye kupanda, litaondoka tena?"

"Yanavuta manne. Umeyalipia yavute."

Tukaenda hivyo. Theluji iliingia madirishani ikaketi mapajani mwetu, na miguuni hita ilikuwa inatuunguza. Mita mia nne, robo tatu, zima. Theluji kwenye rejeta, subiri. Mita mia tatu. Zima. Marinos alikuwa anautazama mshale, shangazi anaitazama barabara, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Kila mara alipoachia klachi kwenye mwinuko nilishika kiti cha mbele na kusubiri tuanze kurudi nyuma. Mara moja tulirudi, urefu wa hatua mbili, hadi nikaona kupitia dirisha la nyuma vilele vya miti iliyo bondeni. Kisha yale magurudumu ya nyuma yakashika. Nilimshukuru Haridimos na utepe wake mweusi.

Kadiri tulivyopanda harufu ilipungua. Raki ilikuwa inakwisha, na kilichobaki kilikuwa maji ya theluji. Baada ya kusimama mara ya mwisho kabla ya Tandiko, mshale ulikataa kufika robo tatu. Ulisimama nusu na kidogo, unatetemeka, na Marinos akasema kwa sauti ya chini, "Usizime. Nenda. Nenda tu."

Tulivuka Tandiko saa saba na dakika tano. Upande wa pili kulikuwa na mvua ya kawaida, na bahari chini kwa mbali, ya kijivu. Mtandao ukarudi. Nilipiga simu hospitalini, nikasema tumechelewa, tunakuja. Muuguzi akasema watatushikia nafasi mpaka saa nane, baada ya hapo kitanda kinahitajika. Shangazi aliteremka kwa gia ya pili bila kuongeza wala kupunguza. Tuliingia mlangoni saa nane kasoro dakika tisa, nguo zimelowa, tunanuka kama watu waliotoka harusini.

Muuguzi alinusa, akamtazama Marinos kwa macho makali.

"Bwana Marinos. Panda kwenye mizani."

Pale humpima kila mmoja kabla ya kumlaza, kwa sababu maji yote mgonjwa aliyokunywa tangu mara ya mwisho hukaa mwilini. Mizani haidanganywi. Shangazi alisimama mlangoni, theluji inamyeyukia viatuni. Kule mlimani alimwambia mumewe amekunywa, na hadi wakati huo hakuwa ameyarudisha maneno hayo.

Muuguzi alisoma, akasoma tena.

"Umeongeza kilo moja na robo tu. Kwa siku tatu? Hapa hakuna mtu aliyewahi kunipa namba kama hii." Akaandika. "Sasa harufu hiyo mtanieleza baadaye."

Shangazi alisubiri wamlaze, wamtie sindano mbili mkononi, mashine ianze kuzungusha damu. Halafu akaichukua ile chupa tupu, akaenda kwenye bomba la ukumbini, akarudi nayo imejaa hadi kwenye mstari mwekundu, akaiweka karibu na mkono wake ulio huru.

"Haridimos amepiga simu, nimemweleza yote," alisema. "Yuko njiani na kifuniko na dawa. Anataka kufungua bomba la chini hapo nje."

"Asilifungue kwa nguvu. Nati yake imepinda. Ukiivuta moja kwa moja inakatika."

"Ndiyo. Nimemwambia asiguse kitu mpaka utoke."

"Mashine hii ni saa nne nzima. Atakaa na kunywa kahawa saa nne?"

"Akae," alisema shangazi.

Marinos alifungua chupa kwa meno, akanywa funda moja dogo, akaifunga.